Kivuli cha Nyuma ya Ukuta

Miaka ile ya Zaïre nilikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi moja pale Bukavu, na nilijiona fundi sana. Mkuu wa mtaa wetu huko Kasha alipoomba kibanda cha akina mama wanaosubiri kupimiwa watoto uzito, nilichora kwa siku mbili: mabati juu, ukuta wa matofali nyuma, mabenchi ya saruji, mbele wazi. Wazi kuelekea mlingoti wa bendera, bila shaka. Nani angethubutu kuchora vingine? Jua linazama upande gani, sikujiuliza.

Tulijenga kwa salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi asubuhi. Saa hizo kivuli kilijaa tele kwenye mabenchi, nami nikavimba kichwa.

Lakini watoto walipimwa Alhamisi alasiri, maana asubuhi muuguzi alikuwa zahanati nyingine. Alhamisi ya kwanza ya kiangazi mke wangu alirudi mapema na mtoto wetu wa miezi mitano, uso wa mtoto umeiva kwa joto.

"Hajapimwa?"

"Apimwe namna gani? Jua inaingia mpaka kwa ukuta. Ile ciment inaunguza. Bamama bengi barudi kwabo. Na miye sirudi tena kule, papa."

Mwezi uliotangulia mtoto alikuwa amepungua. Niliogopa, na kwa kuogopa nikafoka, nikamwambia hajui kuchagua pa kukaa. Alhamisi iliyofuata niliomba ruhusa kazini, nikavaa abacost yangu, ile suti ya kiserikali isiyo na tai, nikaenda kukaa mwenyewe. Robo saa tu, nguo ikalowa mgongoni. Nikasikia vicheko, nikazunguka ukuta. Akina mama watano walikuwa wamebanana chini kwenye majani, ndani ya kivuli chote cha jengo langu.

Siku hiyo hiyo nilimwomba mkuu wa mtaa tugeuze mabenchi.

"Citoyen, unataka batu bape bendera mugongo? Unanitafutia matata?"

Jumamosi nilibandua mabati manne ya paa la jiko letu, nikayapigilia nyuma ya ukuta, na jirani zangu wakapanga magogo ya mikaratusi ya kukalia. Mkuu wa mtaa alipita, akaona mabenchi yapo palepale, akaenda zake. Mke wangu alipikia chini ya turubai msimu mzima bila kulalamika. Alhamisi ikifika alimfunga mtoto mgongoni, akaenda.

Alasiri moja walikuja wageni wa serikali. Walisifu mlingoti, wakasifu mabenchi, hawakuuliza kwa nini hayana mtu. Mkubwa wao alinishika mkono akanipongeza kwa kazi nzuri, nami nikasimama juani nikisema merci, merci, jasho likinitiririka.

"Ameongezeka!" mke wangu alipaza sauti nyuma ya ukuta. "Papa, kuja uone, ameongezeka!"

Niliuchomoa mkono wangu, nikawaacha wageni na mabenchi yao, nikakimbia kuzunguka ukuta.