Kucha Kumi za Mama Mkwe

Treni ilitushusha Malampaka siku ya tatu tangu tutoke Dar es Salaam, na miguu ilikuwa imenivimba. Mizigo haijatua chini mke wangu akanionya: "Mama yangu usimpe mkono. Kwetu mkwe hashikwi. Ukikutana naye njiani, mpishe."

Nikacheka. Miaka sita nilizunguka Dar na kikapu cha rangi, nikipaka kucha za wanawake vibarazani kwao. Leo niogope mkono wa bibi mmoja?

Tulipofika Nkololo nilikoma kucheka. Mama mkwe alinisalimia akiwa nyuma ya mlango. Miezi minane nilimjua kwa sauti na kwa kisogo tu.

Kisha daktari bingwa akaja Bariadi kwa siku chache, na jina la mama likaingia kwenye orodha ya kupasuliwa. Uvimbe wa tumboni ulikuwa unamtesa tangu msimu wa pamba uliopita. Siku moja kabla ya kwenda hospitali alisema neno lililotuacha midomo wazi.

"Huyo mkwe si alikuwa fundi wa kucha? Basi nipakwe. Kama ni kufa, nisiende na vidole vya jembe."

Nisingeweza kumpaka mimi. Nilikaa nje ya dirisha nikielekeza, mke wangu ndani akipaka.

"Zungushia mafuta ya mgando kwenye ngozi, rangi ikitoka nje itafutika. Nyeupe kwanza. Ngoja ikauke! Sasa chovya kichwa cha pini: nukta tano nyekundu, katikati ya njano. Hilo tayari ni ua. Majani chora kwa njiti ya ufagio."

"Mwambie fundi wako asitufokee," mama akasema. "Sisi si wateja wa Kariakoo."

Kesho yake hospitalini nesi alimshika mkono mama, akaganda.

"Nani kampaka hivi?"

Mke wangu akanigeukia.

"Kifaa chetu kinabana kidole, kinapima hewa kwenye damu. Rangi hii itakizuia. Itoeni sasa hivi, la sivyo namwita anayefuata. Daktari anaondoka leo."

Kucha zote zile nilizopaka, na jambo hilo sikuwahi kulijua. Nilikimbia saluni ya jirani, nikarudi na rimuva ya kufutia rangi na pamba. Mke wangu alikuwa chumba kingine, sindano mkononi, akimtolea mama yake damu. Nesi alikuwa amempeleka mgonjwa wa kwanza chumba cha upasuaji. Mama alikuwa peke yake, mkono mmoja una dripu.

Tukatazamana. Nilishtuka: macho yake yalikuwa ya mke wangu kabisa.

"Nimwite mtu, mama?"

"Nani? Muda uko wapi?" Akajifunika khanga usoni, akanyoosha mikono. "Shika, baba. Mimi sikuoni."

Nikashika. Viganja vilikuwa vikavu, vimechanwachanwa na maganda ya pamba. Maua yakaanza kutoka, moja baada ya jingine. Chini ya khanga nilisikia kicheko, au kilio. Mpaka leo sijui. Nesi alirudi nikiwa kidole cha kumi.

Mama akatoka salama kwenye upasuaji. Jioni mke wangu alinusa rimuva kwenye vidole vyangu. Akanitazama kama mtu aliyeona nyoka kitandani, kisha akaleta maji na sabuni, akaninawisha.

Msimu uliofuata miguu yangu ilianza tena kuwasha kwa hamu ya safari, tukafunga mizigo. Sijarudi Nkololo tangu siku ile. Ndugu walikuja barabarani kutuaga. Mama mkwe alisimama ng'ambo, ametupa kisogo kama kawaida. Gari lilipowaka, bila kugeuka, alirudisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akatanua vidole.

Nyeupe, na maua mekundu yaliyovurugika. Alijipaka mwenyewe, na hakungoja ikauke.