Mahubiri ya Kwanza Bila Suruali

Kuna watu wakipata aibu huhama mji. Mimi yangu niliipata Jumapili, mbele ya kijiji kizima, na badala ya kuhama nikakaa palepale miaka mingi, na mpaka leo wazee wenzangu hawana haja ya kuniomba mara mbili niisimulie. Ni aibu, sikatai, tena aibu ya kuvuliwa nguo hadharani, lakini ni aibu ninayoionea fahari kuliko cheti changu cha uinjilisti.

Nilikuwa kijana wa Rabai, nimetoka chuoni juzijuzi, misheni ikanituma Embu, juu kabisa upande wa Kibugu, pale mashamba yanapokoma na msitu wa Mlima Kenya kuanza. Watu wakisikia mmisionari hufikiria mzungu mwenye kofia ya jua. Basi mimi nilikuwa mmisionari mweusi tititi, mtoto wa minazini, na nchi ile ilinishangaza vilevile kama ingemshangaza mzungu. Baridi, jamani! Nililala na soksi, nikalala na koti, usiku mwingine nikalala na taulo kichwani kama mama mzazi. Nazi hakuna. Samaki nao wakati ule watu wa kule waliwaona kama jamaa wa nyoka. Nilikuwa nimebeba papa mkavu kutoka Mombasa, nikamchoma siku ya kwanza nikijisikia niko nyumbani, na kabla sijala jirani akabisha hodi kwa upole kuniuliza kama kuna kitu kimefia uvunguni. Kiembu chenyewe nilijua salamu tu, tena nikiwaamkia, watu walicheka.

Na wakati wenyewe ulikuwa wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikipigana na wapiganaji waliojificha msituni. Watu wa migongo ile ya milima walikuwa wameondolewa kwenye makazi yao na kurundikwa katika vijiji vipya, nyumba zimebanana, kijiji kimezungukwa na handaki lililopandwa miti iliyochongwa ncha, na getini wako homugadi, walinzi wenyeji walioajiriwa na serikali, na bunduki. Kutoka ni kwa saa zilizopangwa, na asiye na kipande cha kitambulisho ni mtu wa msituni mpaka athibitishe vingine. Huko mtoni mtu alikuwa amepigwa risasi majuma machache kabla sijafika, na hakuna aliyetaka kuniambia alikuwa nani.

Mwenyeji wangu alikuwa Mwalimu Ireri, mtu wa hukohuko, mpole, anayesema pole pole kama anayehesabu maneno. Yeye ndiye aliyekuwa amewaambia watu wa kijiji cha ng'ambo kwamba mhubiri mgeni kutoka pwani atakuja Jumapili. Aliniambia, "Mwalimu, wewe ungoje hapa. Mimi nitakuja kukuchukua na homugadi mmoja, tupite barabara. Usitoke peke yako, tafadhali."

Nikasema sawa. Lakini Jumapili nikaamka mapema, nikavaa suti nyeupe niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyohiyo, viatu vipya vya ngozi, tai, nikasimama mlangoni pa nyumba ya misheni, nje ya handaki, nikangoja, nikangoja, na ng'ambo ya bonde nikaanza kusikia watu wanaimba. Walionekana karibu, unaweza kudhani ukiwaita wataitika. Njia ya miguu ilishuka moja kwa moja mpaka mtoni na kupanda upande wa pili. Nikajisemea, mmisionari gani huyu anayeshikwa mkono kwenda kanisani kama mtoto wa chekechea? Nikateremka. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo tu, na yote yaliyofuata yalitoka humo.

Mtoni hakukuwa na daraja, ni gogo limelazwa, limeota kuvu ya kijani. Mtu mwenye akili angevua viatu. Mimi nikawaza jinsi nitakavyoingia kanisani na matope kwenye vidole, nikaona heri nivuke navyo, koti nimelikunja begani lisipate makunyanzi, na ndani ya koti kuna Biblia na kipande. Hatua ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, halafu sikumbuki ya tatu. Nakumbuka anga, kisha maji, na maji yale yanatoka kwenye barafu ya mlima, jamani, yalinifunga pumzi nikashindwa hata kumwita Yesu. Mkondo ukaniburura juu ya mawe, suruali ikanasa kwenye kisiki, mimi nikaenda, yenyewe ikabaki. Nilipofaulu kushika mizizi na kujivuta ukingoni (wa ng'ambo, angalau), koti lilikuwa linaelea mbali kule, mikono imetanuka, kama mhubiri aliyeamua kutangulia. Kiatu kimoja hakuna. Suruali ni vipande viwili visivyojuana.

Nikabaki na shati, tai, na kaptula ya ndani. Na hiyo kaptula lazima niieleze. Alinishonea mama yangu kwa kitambaa cha gunia la unga, kwa sababu ni kigumu na hakichakai, akafua akafua lakini rangi ya kiwandani ni rangi ya kiwandani, kwa hiyo nyuma, juu ya makalio yangu, palisomeka wazi kwa herufi kubwa za bluu: UNGA SAFI.

Nikachutama kwenye migomba nikitetemeka. Ndipo nikamwona mama mmoja wa makamo, ameinama kwenye majimaji anachimba nduma (kwetu majimbi), kikapu kando, na alipogeuka tukaogopana sawasawa. Akatazama gogo, akatazama mtoni, akanitazama na tai yangu. Akaelewa.

"Wewe ni mwalimu ya Ireri?" akaniuliza. "Ile ya bahari?"

"Ndiyo, mama."

"Na bahari hapana funza wewe kuogelea?"

Hata katika hali ile alinitania! Akafungua leso zake mbili, moja aliyojitanda mabegani na nyingine ya kiunoni juu ya gauni, akanitupia, akageuza uso. Nikajifunga moja, nyingine nikajitanda kichwani maana manyunyu yalikuwa yameanza. Kisha akasogea, na sasa hakuwa anacheka.

"Mimi leo hapana kuja hapa. Wewe hapana kuona mimi. Geti bado kufunguliwa. Unasikia, mwalimu?"

Nikasikia. Mwanamke aliyeonekana nje ya handaki kabla ya saa alikuwa akihesabiwa kuwa anawapelekea chakula watu wa msituni, na kesi hiyo haikuwa ya kuonywa. Nikamwahidi. Akachukua kikapu akapotelea kwenye vichaka, akirudi kijijini kwa njia anayoijua mwenyewe, na mimi nikashika njia ya kupanda, nikijiambia nitajieleza getini kwa Kiswahili changu safi na mambo yataisha.

Sikufika getini. Mlinzi wa mnara aliona mwanamke mrefu akitoka upande wa mtoni, na mwanamke huyo ana ndevu. Filimbi ikalia. Nikazungukwa na homugadi wanne, mmoja kijana ananielekezea bunduki anayoonekana kuishika mara ya kwanza, jambo ambalo halikunifariji hata kidogo.

"Kipande!"

"Kimechukuliwa na mto, ndugu zangu. Mimi ni mmisionari."

Wakatazamana. Yule kijana akasema, "Mumisionari ya leso?"

Nikaanza kujieleza, nikatoa Kiswahili cha Rabai chenye methali ndani yake, na ndivyo nilivyojiharibia zaidi, kwa sababu mmoja akasema viongozi wengine wa msituni walikaa Mombasa miaka mingi, wanasema hivihivi kama Waswahili. Mtu pekee aliyejua sura yangu alikuwa Mwalimu Ireri, na Mwalimu Ireri wakati huo alikuwa amefika nyumbani kwangu kwa barabara, amekuta mlango wazi, anawauliza majirani.

Wakaniingiza kijijini mikono juu. Kanisa lilikuwa uwanja mbele ya shule, na watu wote walikuwa pale, wazee mbele kwenye viti, wanawake wamekaa chini, watoto, wote wamevaa vizuri kadiri hali ile ilivyoruhusu, wanangoja mhubiri kutoka pwani. Wimbo ukakatika katikati. Nikapitishwa mbele yao nikiwa na leso na kiatu kimoja.

Hapo alikuwa Hedimani Nyaga, mkuu wa homugadi, mtu mkubwa mwenye kabuti jeusi mpaka magotini na sauti iliyozoea kutiiwa. Akanizunguka mara moja. "Nguo hii ni ya nani?"

Nikatazama kiatu changu kimoja.

"Nauliza. Umepewa na nani?"

"Nimeokota," nikasema, na hata mimi nilisikia jinsi neno lile lilivyokuwa jepesi.

"Umeokota!" Akashika leso ya kiunoni akaivuta kwa nguvu, na nikaachwa pale katikati ya uwanja, mbele ya wazee na mama za watu, na kaptula ya gunia. Kisha nyuma yangu mzee mmoja, mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima (wale wanaosoma kila kitu wanachokutana nacho), akaanza kutamka kwa sauti, taratibu, kwa bidii: "U... nga. Unga. Sa... fi. Safi!"

Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo. Nilitamani mto uje unichukue tena.

Lakini Nyaga hakucheka. Aliinua leso juu, akaitikisa mbele ya wanawake. "Kuna mwanamke hapa anayewavisha watu wa msituni nguo ili wapite. Leo tutamjua. Na wewe," akanigeukia, "utapanda lori uende ukachujwe, isipokuwa umtaje sasa."

Ndugu zangu, niliogopa. Nilijua kuchujwa ni nini, ni kuhojiwa kwa kipigo, na kwamba wengine hawakurudi na meno yao. Nilimwona yule mama kati ya wanawake, ameinamisha kichwa, na hapo nikafanya jambo la kwanza la maana tangu nitoke Rabai. Nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri lakini ilitoka, "Hedimani, mwenye nguo hiyo amenisitiri nilipokuwa uchi. Nipeleke unakotaka. Simtaji."

Yule kijana mwenye bunduki alikuwa anatafsiri kwa Kiembu. Alipomaliza, wanawake wakaanza kunong'ona, halafu mmoja akainuka. Ni yeye. Akapangusa gauni, akasimama wima, akasema kwa Kiembu maneno machache ambayo baadaye nilielezwa yalikuwa haya: "Nyaga, hiyo unayoitikisa ni nguo yangu. Mimi Ciarunji."

Nikamwona Nyaga, mtu mzima yule, akigeuka jivu. Sikuelewa mpaka baadaye. Mama Ciarunji alikuwa mama mkwe wake. Na kwa desturi ya kule mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Akikutana naye njiani anapisha kichakani. Na kushika nguo yake, achilia mbali kuitikisa mbele ya watu, ni aibu ambayo haifutiki bila kuchinjwa mnyama. Leso ikamtoka mkononi kana kwamba imeshika moto. Akageuka, akampa mgongo mama mkwe wake, pamoja na bunduki zake zote zile, na akaanza kuzungumza naye kupitia yule kijana aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

"Mwambie mama... muulize... alikuwa wapi?"

Kijana akauliza. Mama akajibu kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Mwambie nilikuwa mtoni, ninachimba nduma. Mwambie geti linafunguliwa jua likiwa kali na shamba liko mbali. Mwambie watoto waliolala njaa jana nyumbani kwangu ni watoto wake. Na mwambie huyu ni mhubiri wa Ireri, alianguka kwenye gogo kama mzigo wa kuni, nimemkuta ukingoni amelowa. Akitaka kunipeleka kwenye lori, anipeleke. Lakini amfunike kwanza mtoto wa watu."

Nyaga alikuwa bado ametugeuzia mgongo. Kisha akafungua vifungo vya kabuti lake kimoja kimoja, akalivua, akarudi kinyumenyume asimtazame mama, akanivika mabegani. "Hubiri," akaniambia.

Ndipo wakacheka. Si kunicheka tu, ingawa nilichekwa sana, ni kicheko cha watu waliokuwa wamebanwa kifuani miezi mingi, wazee wanapangusa machozi, homugadi wameegemeza bunduki ukutani, hata yule msomaji anarudia "Unga safi!" kama amina. Mwalimu Ireri akaingia wakati huo mbio, matope mpaka magotini, akanikuta nimesimama mbele ya kanisa na kabuti la hedimani, miguu mitupu (kile kiatu kimoja nilikivua, cha nini?), na anayenitafsiria ni yule kijana aliyetaka kunipiga risasi.

Mahubiri yangu niliyokariri wiki nzima yalikuwa yameenda na koti. Nikasema tu kwamba nimekuja kutoka mbali kuwafundisha, na nimefika nimekuta mama amekwisha kuhubiri, tena mbele ya bunduki, na mimi sina la kuongeza. Nikakaa chini. Ireri alisema hajawahi kusikia mahubiri mafupi hivyo, wala yaliyosikilizwa hivyo.

Lori halikuitwa. Nyaga alitoa kondoo wa kuondoa aibu, na wazee wakaamua kwamba mimi nikiwa chanzo lazima nile, nikala. Kuanzia juma lile geti likawa linafunguliwa mapema kidogo. Hakuna aliyetangaza sababu. Mimi nikapewa jina, Mwalimu Unga, na watoto niliowabatiza kule, ambao sasa wana wajukuu, wananiita hivyo mpaka leo. Misheni ilipotaka kunihamisha nikakataa. Tangu hapo nimehubiri makanisa ya mawe, nikiwa na suti kamili, na watu wamenipongeza, lakini hakuna pongezi inayofika pale Mama Ciarunji aliponishika mkono siku ile akaniambia kwa Kiswahili chake, "Wewe sasa ni mutu yetu."

Lakini sitaki mtu anielewe vibaya akadhani aibu ni kitu cha kutafuta. Niliapa siku ile nikiwa bado natetemeka ndani ya kabuti, na kiapo nimekishika: ukinituma nchi ya watu, hata kama nazisikia nyimbo zao kwa masikio yangu, siingizi mguu mtoni kabla sijawauliza wenyewe wanavukia wapi.