Jiwe Lililomkwangua Mzee wa Harusi

Mpaka leo nikipita mahali wanapouza mawe ya kunolea, damu hunichemka.

Kwa miaka mingi nilikuwa kinyozi Kibiti, kwenye kibanda cha makuti nyuma ya soko, hatua chache kutoka mabasi yanaposimama. Nilikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja, na wembe wa kukunja niliorithi kwa mjomba wangu aliyenifunza kazi. Pamoja na wembe aliniachia jiwe lake la kunolea, jeusi, dogo kama kipande cha sabuni, laini hata ukilipitishia kidole unadhani limepakwa mafuta. Ukiupitisha wembe pale mara kumi, kisha kwenye mkanda wa ngozi, ulishuka kwenye shavu la mtu na yeye hana habari.

Jiwe lile liliharibiwa na shemeji yangu. Alikuja kibandani nimekwenda kuswali, akalichukua, akanolea panga lake la kufyekea chini ya mikorosho. Niliporudi nilikuta mfereji katikati na pembe moja imemeguka.

"Shemeji, hili si jiwe la panga!"

"Jiwe ni jiwe tu," akajibu, akafuta panga kwenye suruali, akaenda zake. Wiki nzima sikusema naye.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliokuwa tukipanga foleni kwa kipande cha sabuni, ghafla tukaona vitu vimemwagwa chini kila siku ya gulio: betri, kandambili, kufuli zinazofunguka kwa msumari. Mchuuzi mmoja kijana kutoka Dar alikuwa na katoni nzima ya mawe ya kunolea, kila moja ndani ya boksi lenye picha ya Mzungu anayenyoa ndevu huku anacheka.

"Haya ni ya wembe?" nikamuuliza.

"Ya wembe hasa, kaka. Laini kama shavu la mtoto."

Nilipitisha kidole, likateleza. Nikalichukua. Mimi, niliyekaa miaka minne miguuni pa mjomba nikijifunza kulijua jiwe, nikaiamini picha.

Mara mbili tatu za kwanza nilinoa bila kuona tofauti kubwa. Kisha akaja mzee mmoja mkata mikoko kutoka visiwani, ameshukia bandari ya Nyamisati, amevaa kanzu safi. Kesho yake alikuwa anamwoza binti yake kijijini Mtunda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nitie sura ya harusi, mwanangu."

Nilinoa, nikampaka povu, nikaanza. Pale pale nikausikia wembe unang'ang'ania. Haukati, unavuta. Mzee alishika kiti kwa mikono miwili. Nikausugua tena kwenye mkanda wa ngozi, nikarudia. Ukavuta vile vile.

"Inauma, mzee?"

"Endelea tu. Kazi yako unaijua."

Nilipomfuta, shavu lote lilikuwa jekundu, limejaa vitone vya damu, na chini ya taya kuna mkwaruzo mrefu kama amepita kwenye miiba. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Kisha akasema, kwa upole ambao mpaka leo unaniumiza, "Labda ngozi yangu imekwisha kwa maji ya chumvi."

Alipoondoka nililitoa lile jiwe juani. Nikalimwagia maji; likayanywa yote papo hapo kama ardhi ya kiangazi. Nikapitisha ukucha, ukatoka na michirizi myeupe. Ule utelezi wa juu ulikuwa kitu walichopaka, nao ulikuwa umelika. Chini yake ulikuwa mchanga, mchanga wa kupigia lipu! Mtu alikaa mahali akaugandisha, akaupaka rangi, akautia ndani ya boksi, akijua fika utakwenda kwenye uso wa binadamu.

Siku tatu baadaye nilimwona yule mzee anasubiri gari la kurudi. Nilimkimbilia.

"Mzee, si ngozi yako. Ni jiwe. Nimeuziwa jiwe la uongo."

Akajishika shavu, lilikuwa limeota magamba. "Harusini wameniuliza nimepigana na nani," akasema. "Kumbe si mimi."

"Si wewe hata kidogo. Nisamehe."

"Wewe nimekusamehe. Na huyo mwenye jiwe je?"

Gulio lililofuata nilikwenda na wembe, sabuni na kiti changu mabegani. Nilikiweka mbele ya turubai la mchuuzi. Nikafungua boksi jipya, nikalisugua jiwe kwa kipande cha chuma mpaka utelezi ukatoka, nikanolea wembe watu wakiona.

"Kaa nikunyoe," nikamwambia.

"Kaka, mbona unaniharibia biashara? Siku hizi ruksa. Kila mtu ananunua kwa macho yake."

"Ndiyo maana nakuita ukae. Utaona kwa macho yako."

Mama muuza vitumbua aliyekuwa jirani akadakia, "Si umesema laini kama shavu la mtoto? Kaa basi, baba!"

Watu wakaangua kicheko. Kijana akajishika kidevu, akatazama wembe, hakukaa. Akanisukumia katoni. "Chagua lingine, uniache."

Nilikaa chini nikachagua. Niliyatoa yote kwenye maboksi. Nililigonga kila moja kwa kucha nisikie mlio, kwa sababu jiwe lenye ufa hulia kama chungu kibovu. Nilitia tone la maji nione linakaa au linanywewa. Nilikwaruza pembeni, pale ambapo rangi haikufika, kisha nikapitisha ukucha.

"Unachagua jiwe au mke?" kijana akafoka.

"Mke hakati mtu koo," nikamjibu.

Katika katoni nzima nilipata moja tu, la kijivu, zito kuliko wenzake, lililolishika tone la maji bila kulimeza. Sijui liliingiaje humo. Nililinolea wembe, nikajaribu kwenye vinyweleo vya mkono wangu, vikadondoka.

"Na haya mengine?" nikamuuliza.

"Nitauza. Nifanyeje?"

Alisema hivyo bila haya, huku ameanza kuyarudisha kwenye maboksi. Hapo ndipo nilipopanda juu ya kiti changu nikawaeleza watu kwa sauti namna ya kupima jiwe, maji na ukucha, nikarudia mpaka koo likakauka. Kabla ya adhuhuri alikunja turubai.

Hakurudi tena Kibiti. Nilisikia kwa abiria kwamba anauza kwenye gulio la Ngorongo, katoni ile ile, na wanamwita mfanyabiashara. Huko sikuwa na mtu wa kumtuma akawaonye.