Protini Zangu za Namawala

Mimi ni bwana mifugo, na mdomo wangu umeniponza.

Mwezi uliopita Mama Kulwa wa Namawala aliniita nimtazame ng'ombe wake. Nikadhani anataka kumpandisha, nikabeba mbegu na mrija. Majirani walipojaa zizini nikaanza somo: mbegu ya dume ikiingia haitungishi mimba papo hapo, hukaa tumboni saa kadhaa, protini zake zikiamshana moja baada ya nyingine, mpaka iwe tayari. Mama alitaka kusema neno. Nikamwambia maswali baadaye, nikampandisha ng'ombe bila hata kumpima mimba.

Jana nilimkuta sokoni Ifakara, kwenye foleni ya mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ng'ombe amezaa. Kumbe protini zako zikiamka hazilali, miezi tisa zimeimaliza kwa mmoja."

Foleni nzima ikageuka kunitazama.