Kitako Kipya cha Bunduki ya Mzee Einar

Wifi yangu Marlys alisubiri miaka ishirini na mbili kupata ruhusa ya kuwinda mbuzi mmoja. Najua ukisema hivyo inachekesha. Lakini mbuzi wenyewe ni wale weupe wa vileleni, na serikali ya jimbo letu la Montana hutoa vibali vichache tu kila mwaka, kwa kura. Kila masika Marlys alijaza fomu, kila Juni akakosa, akaendelea kusambaza barua mashambani kwa kile kigari chake, akijiambia mwakani ni zamu yake. Jina lake lilipotoka hatimaye, alikuwa na umri wa miaka sitini na mbili na goti moja la chuma.

Ukishamuua mbuzi wako, huruhusiwi kuomba tena kwa miaka saba. Alinipigia hesabu hiyo jikoni kwangu, mkono mmoja kiunoni.

"Sitini na tisa, wifi. Na goti hili? Ni mwaka huu au basi tena."

"Basi ni mwaka huu," nikasema, na nilikuwa na hakika. Marlys akishasema kitu, mimi huwa sipotezi muda kukitilia shaka.

Akaanza kupunguza uzito wa mzigo. Aliazima mizani yangu ya unga na hakuirudisha kiangazi kizima. Alipima soksi. Alipima sufuria. Mswaki aliukata mpini ukabaki mfupi kama njugu.

"Mbona meno hujayapima?" nikamuuliza.

"Ya bandia nayaacha nyumbani. Mbuzi hanijui, sina haja ya kumtabasamia."

Ikabaki bunduki. Ilikuwa ya baba yao, Mzee Einar, na ilikuwa na ratili tisa na nusu. Mtutu huwezi kuupunguza. Kinachoweza kubadilishwa ni kitako, ule mwili wa mbao unaobeba chuma chote na kuishia begani kwa mpigaji. Cha Mzee kilikuwa cha mti wa jozi, kizito, kimeng'arishwa na viganja vyake. Siku hizi vipo vya nyuzi za kaboni, vyepesi kwa zaidi ya ratili nzima. Ratili moja si kitu ukiwa dukani. Saa ya sita ya kupanda mlima, na goti la chuma, ndipo utajua ni nini.

Alilitaja jambo hilo siku ya Jumapili tukiwa mezani. Mume wangu Curt, ambaye ni kaka yake, aliacha kula.

"Bunduki ya Mzee unataka kuivisha plastiki?"

"Si plastiki, ni kaboni."

"Hata iwe dhahabu. Mzee alipanda nayo ile milima mpaka ana miaka sabini na mmoja, hakulalamika."

"Wewe kila mwaka unapanda na kitambi cha ratili arobaini, kuna mtu amekukataza?"

Nilicheka, na nikanuniwa siku mbili kwa kicheko hicho. Lakini nilimwelewa mume wangu. Mzee Einar alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja nyuma, na bunduki ile ndiyo iliyobaki ikinuka mafuta yake. Alikuwa mzee mrefu wa kuinama kila mlangoni, mpole, mwenye kovu juu ya nyusi ya kulia. Kila Novemba alirudi kutoka kuwinda amebandika plasta palepale. Ukimuuliza, anajibu, "Tawi." Watoto wake wakamwita Adui wa Miti, naye akawa anacheka pamoja nao. Curt hakutaka kitu chochote cha mtu yule kifunguliwe skrubu.

Katikati ya Julai mimi na Marlys tukaenda kwa Orrin, fundi bunduki wetu, aliyesoma na Marlys darasa moja. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Marlys akashuka garini, akavaa koti lake zito la baridi, glovu, kofia ya sufi, na begi mgongoni, akaingia dukani hivyo. Kulikuwa na wanaume watatu wanakunywa kahawa, wakacheka mpaka wakajipigapiga mapaja.

"Mama Barua, theluji umeiacha wapi?" mmoja akauliza.

"Ipo kule kwa mbuzi. Wewe kakako mwaka jana alichagua kitako chepesi akiwa na fulana. Novemba akavaa koti, kitako kikamnasa kwapani, kulungu akasimama kumshangaa. Au nadanganya?"

Hakuwa anadanganya. Wakarudi kwenye kahawa yao.

Orrin akampa vitako vinne. Cha kwanza, chepesi kuliko vyote, alikikataa mwenyewe baada ya kukipima kwa mkono. "Hiki kitanipiga teke la punda," akasema, na Orrin akakubali kwamba bunduki kadiri inavyopungua uzito ndivyo inavyozidi kurudi nyuma. Cha pili kilikuwa na wakia nne zaidi na mpira laini mwishoni, akakipenda. Akalala sakafuni, akakiweka begani. Akainuka. Akapiga goti lile zima, akakiweka tena. Shavu halikufika mahali pake. Akajaribu vile viwili vilivyobaki, mambo yaleyale. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kidevu.

"Umezoea mbao tu," Orrin akasema. "Utazoea na hiki."

"Sina muda wa kuzoea. Nina mbuzi mmoja. Hicho cha Mzee nikikiweka begani kinanikaa hata nikiwa nimefumba macho. Kwa nini hivi havinikai?"

"Kaniletee hicho cha Mzee nikione."

Tulimpigia simu Curt, akaileta bunduki mwenyewe baada ya saa moja. Alikuja kwa matumaini kwamba Orrin ataiona na kusema ni dhambi kuigusa. Akailaza juu ya kaunta kama mtu anayelaza mtoto.

Orrin hakuisifu. Alichukua utepe, akapima kutoka kwenye triga hadi mwisho wa kitako. Akapima tena. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ncha ya nyuma.

"Mzee Einar alikuwa na urefu gani?"

"Futi sita na inchi tatu," Curt akajibu.

"Hiki ni inchi kumi na mbili na nusu. Mtu wa urefu ule anahitaji kumi na nne. Na hakikuzaliwa hivi, kimekatwa kwa msumeno wa mkono. Kilikatwa kwa ajili ya mtoto."

Marlys akavua kofia.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili," akasema. "Alinipa nijaribu, ikanikaa. Nikajua bunduki zote ndivyo zilivyo. Sikuendelea kurefuka sana, si unaniona."

"Na yeye akaendelea kuitumia?"

"Ndiyo iliyokuwepo. Curt alipewa ya mjomba. Mimi na Mzee tulikuwa tunapokezana."

Orrin akagusa juu ya nyusi yake mwenyewe. "Mtu mrefu na kitako kifupi, jicho linakaa karibu mno na darubini ya kulengea. Bunduki ikirudi nyuma, ukingo wa darubini unampasua hapa."

"Tawi," Curt akasema.

Marlys alilia palepale, ndani ya koti la baridi, mwezi wa saba, mbele ya wanaume wa kahawa. "Mimi ndiye niliyempa lile jina," akasema. "Adui wa Miti. Mimi."

"Si angegundisha kipande cha mbao nyuma?" Curt akauliza, karibu kwa hasira.

"Angeweza," Orrin akajibu. "Ila isingemkaa tena dada yako."

"Na mimi nilirudi kuwinda naye kila Novemba," Marlys akasema. "Nilipoolewa nilirudi. Nilipoachika nilirudi."

Curt alisimama akiitazama ile ncha iliyokatwa. Kisha akachukua kile kitako cha kaboni, cha pili, akakiweka mbele ya Orrin.

"Kikate kibaki inchi kumi na mbili na nusu. Usizidishe hata unywele."

"Si ulisema plastiki?" nikamchokoza.

"Nimesema kikatwe."

Kitako cha jozi tukakitundika ukutani kwetu, karibu na mlango. Marlys alipiga shabaha Agosti nzima kwa kile kipya, na koti lake mwilini, mpaka majirani wakachoka kumcheka.

Wiki ya pili ya Oktoba tulipanda watu watatu, sisi wawili kwa ajili ya kubeba nyama. Marlys alitangulia tangu alfajiri, na goti lake lilitushinda sisi wenye magoti mawili mazima. Karibu na saa sita mchana mbuzi dume akatokea juu yetu kwenye mwamba, mweupe, hana habari. Marlys akalala juu ya begi, akaelekeza mtutu juu, shavu likafika mahali pake mara moja. Akapiga. Mbuzi akalegea, akaanguka kwenye theluji pale pale aliposimama.

Curt akapiga kelele. Marlys aliweka bunduki chini, akavua glovu, akapapasa juu ya nyusi yake ya kulia, akavitazama vidole. Vilikuwa vikavu, bila tone la damu. Akamnyooshea kaka yake mkono ili naye avione.