Piko ya Baba

Katika miaka yote niliyofanya kazi ya saluni hapa Kibarani, mteja msumbufu kuliko wote alikuwa baba yangu mzazi. Nimepaka rangi vichwa vya mabibi harusi waliokuwa wakilia. Nimepaka akina dada wa Mtwapa wanaotaka nywele nyekundu leo, kesho wakaogelee baharini Kuruwitu, kisha warudi kunigombeza kwamba rangi imechujuka. Wote hao nawasamehe. Baba alikuwa akipakwa piko, ile rangi nyeusi ya nywele, Jumamosi, Jumapili anaosha kichwa kwa mche wa sabuni ya kufulia, na Jumatatu ananipigia simu kuniambia piko yangu ni feki.

Tofauti ni kwamba wale wengine, rangi ikichujuka, wanapoteza urembo. Baba angeweza kupoteza shingo.

Nieleze, maana si kila msomaji anatoka kwetu. Kwetu ni bara, nyuma ya mji wa Kilifi, penye mahindi, minazi michache na mbuzi wasio na adabu. Huko mvi zimekuwa kesi. Mtoto akiugua, ng'ombe akifa, kijana akianguka na bodaboda, watu hutazamana, kisha hutafuta kichwa cheupe. Mwenye kichwa hicho huitwa mchawi, na wapo wazee waliochomewa nyumba, na waliokatwa mapanga, kwa jina hilo tu. Ukichunguza utakuta nyuma ya mchawi pana shamba zuri ambalo mtu mwingine analitaka. Lakini shamba halisemwi. Zinasemwa mvi.

Shamba la baba ni zuri, liko bondeni na halikauki upesi. Na aliyelitaka hakuwa mgeni, alikuwa nduguye wa tumbo moja, baba yangu mdogo. Yeye aliuza fungu lake zamani, akalila likaisha. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawakusema tufanye nini ndugu mmoja akiuza jembe na kapu vyote viwili. Akaanza kusikika mangweni, pale panaponywewa tembo la mnazi: "Mwaka huu kaka yangu kavuna peke yake. Jiulizeni."

Baba hakujali. "Mvi hizi nimezitafuta kwa jembe," alisema, "leo nizifiche kama mali ya wizi?" Nikamwambia basi anyoe. Akanyoa, na baada ya siku nne kichwa kikaota vinyweleo vyeupe vilivyometa juani, akawa anaonekana toka barabarani. Kilichombadilisha si maneno yangu. Asubuhi moja aliwasalimu watoto wa jirani, walewale aliozoea kuwakatia miwa, nao wakatupa madumu yao ya maji wakakimbia.

Siku hiyohiyo akaja saluni. Akakaa katikati ya wasichana wawili waliokuwa wakisukwa, akainamisha kichwa, akasema, "Nipake, mama." Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mamake. Nilimpaka huku nikilia bila kuona vizuri, hata masikio nayo yakawa meusi.

Kwa majuma mawili baba alikuwa kijana. Alijitazama kwenye kila dirisha la gari lililoegeshwa. Alimtembelea mjane mmoja wa upande wa pili wa bonde mara tatu, kila mara akidai amekwenda kuulizia mbegu za kunde. Kisha kichwa kikaanza kugeuka rangi, kwanza kahawia, halafu rangi ya kutu, halafu rangi ambayo hata mimi mwenye kazi yangu sina jina lake.

Ndipo nilipoanza vita vya kuzuia piko isichujuke. Maji ya kisima chetu yana chumvi ya kutosha kupikia mchicha bila kuongeza, kwa hiyo nikamwekea pipa la maji ya mvua, la kichwa peke yake. Akayanywa. Nikamkataza kuosha nywele siku tatu baada ya kupaka, akaniuliza kama na uso pia umekatazwa. Nikampelekea shampuu isiyo kali. Nilipokwenda tena nilikuta amemwoshea nayo beberu aliyetaka kumuuza, na nakiri beberu yule aling'ara. Mafuta ya nazi, ambayo angepaka kidogo ili nywele zisikauke, yaliishia kwenye kikaango.

Lakini adui mkubwa alikuwa jua. Baba hulima kichwa wazi toka asubuhi hadi adhuhuri, na hakuna piko inayostahimili hilo. Nilipokuwa Malindi nikamtafutia kofia pana ya ukili, na pana kuliko zote ilikuwa ya kuuzia watalii, yenye utepe wa rangi ya waridi na kauri ndogo ubavuni.

"Unataka niitwe bibi wa Kitaliano?" akauliza baba.

"Heri bibi wa Kitaliano kuliko marehemu," nikamjibu. Akaivaa kwa hasira, na mbuzi wakamkimbia siku mbili.

Basi tukaenda hivyo zaidi ya mwaka. Kila baada ya wiki tatu mimi napaka, yeye analalamika. Halafu ukaja msimu wa harusi, saluni ikanijaa, nikachelewa. Niliahirisha Jumamosi moja, nikaahirisha ya pili. Katika Jumamosi hiyo ya pili kijana wa jirani yetu akafa kwa ajali ya pikipiki, na kabla hata maiti haijarudi nyumbani, baba mdogo alikwisha kusema mangweni kwamba ajali haiji hivihivi.

Nilifika asubuhi ya maziko. Kichwa cha baba kilikuwa aibu yangu: juu kutu, na chini, kwenye mizizi, mstari mweupe kama chaki. Muda wa kupaka haukuwapo. Nikamsihi asiende.

"Nisipokwenda ndipo watakaposema," akanijibu, na alisema kweli.

"Basi vaa kofia, na usiivue hata itokee nini."

"Hata kwenye sala?"

"Mungu anakijua kichwa chako."

Tulisimama nyuma. Jua lilikuwa la saa saba, kali hasa. Mchungaji alipoomba, wanaume wote walivua kofia isipokuwa baba, na ule utepe wa waridi uliruka na upepo kana kwamba unaita watu. Niliona vijana watatu, rafiki za marehemu, wakimtazama baba. Niliogopa. Niliogopa hata nikasahau maneno ya sala niliyoyajua tangu utotoni.

Kisha baba mdogo akaomba nafasi ya kusema. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, na nywele nyeusi tii. Nilishangaa kidogo, kwa kuwa hakuwahi kuja kwangu, na kwetu hakuna mwingine anayepaka.

"Kijana huyu hakufa," akaanza. "Ameondolewa. Na wapo wazee humu ambao hawawezi kuvua kofia hata mbele ya Mungu. Jiulizeni wanaficha nini."

Vichwa vikageuka. Nikaushika mkono wa baba. Naye mdogo mtu akaendelea, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo alivyotoka jasho, na kadiri alivyotoka jasho ndivyo mchirizi mweusi ulivyoshuka nyuma ya sikio lake, ukaingia kwenye kola. Ukafuata mwingine. Akajifuta kwa leso, akausambaza weusi hadi kwenye kipaji cha uso. Pale alipopangusa, nywele zilibaki nyeupe pee, nyeupe kuliko za baba.

Ilikuwa rangi ya viatu. Nadhani aliogopa kuonekana dukani akinunua piko, yeye mwenye maneno yale. Moto aliouwasha ulikwisha kumtisha mwenyewe, maana mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mtu mmoja akasema, "Kumbe!" Hakuna aliyecheka. Wale vijana watatu walikuwa sasa wanamtazama yeye, na mmoja akasogea hatua. Sitadanganya hapa. Nilifurahi. Nilitaka wamgeukie, aonje.

Baba akauachia mkono wangu. Akapita katikati ya watu polepole, akafika kwa nduguye, akavua ile kofia mbele ya kila mtu, mstari mweupe na kutu yake vyote nje, akaikandamiza kwenye kichwa cha mdogo wake hadi masikioni.

"Mimi na huyu tumezeeka," akasema. "Mwenye neno atuambie pamoja."

Pepo za kusi zikavuma, utepe ukacheza. Wale vijana wakatazama chini. Mama wa marehemu akamwambia mchungaji, kwa sauti ya kuchoka, kwamba anataka kumzika mwanawe, na mchungaji akaanzisha wimbo. Tukazika.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na piko yangu mapema. Nikamkuta baba mdogo amekaa kwenye kigoda uani, kofia magotini.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema huku nimeuma meno.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, bila kuniinulia macho.

"Anza na huyo," baba akaniambia.

"Simpaki huyu."

"Anza na huyo, mama. Kichwa chake kina haraka kuliko changu."

Nikampaka. Kwanza nilimtoa rangi ya viatu kwa maji ya mvua, na nilisugua kuliko ilivyohitajika, naye akazidi kuinamisha shingo kwa kuwa alijua sababu. Nilipokwisha na kumsuuza, aliniuliza polepole, kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba aliyoitukana, afanyeje isichujuke.

Nikamwambia. Asioshe siku tatu. Maji ya kisima, hapana. Mche wa sabuni, hapana.

"Na jua?"

"Kofia unayo," nikamjibu.

Akaivaa, na utepe wake wa waridi, akashika njia ya kwao, ile inayopita mbele ya mangwe.