Karani wa Rula

Karani wa msamaha wa kodi pale Bomani husoma kwa rula. Anaiweka chini ya mstari, anausoma akichezesha midomo, anaishusha, na wewe umesimama. Ukimwamkia shikamoo, ataitikia marahaba bila kuinua kichwa. Hajawahi kumkaripia mtu. Ana sauti ya upole, kama ya kumwambia mgonjwa arudi kesho, na kucha safi kuliko zangu mimi muuza samaki. Mara nne nimempelekea karatasi za pikipiki yangu ya umeme, niliyoinunua Migori, ng'ambo ya mpaka, na mara nne rula imekwama palepale: ukubwa wa injini. "Hapa umeacha wazi, mama." Nikamweleza haina injini, ina betri na mota, na msamaha wenyewe umewekwa kwa ajili ya pikipiki za namna hiyo! "Sawa, mama. Lakini andika ukubwa."

Jana nilimtoa nje aione mwenyewe. Akainama, akatafuta bomba la moshi, akalikosa. Akarudi ndani, akagonga muhuri: IMEKATALIWA.

Saa kumi nilikuwa bado pale nje nafunga ndoo zangu kwa hasira. Akatoka, rula ikichungulia mfukoni mwa shati, akaomba nimsogeze hadi sokoni. Nikampakia, maana ni rika la baba yangu. Njiani akanigusa bega.

"Mama, hii kitu ni nzuri, haina hata kelele," akasema kwa upole uleule. "Vitu kama hivi serikali ingevisamehe kodi."